Milioni 20 walicheka na Wach'ti, lakini kucheka na mtu sio kumkubali

Wiki hizi kile kipande cha trafiki kimeanza tena kuzunguka kwenye magrupu, wengi mnakijua, jamaa anaendesha gari polepole mno kwenye barabara kuu, askari anamsimamisha ampige faini, jamaa anajieleza kwamba amehamishiwa kikazi kaskazini kabisa mwa Ufaransa, basi askari anabadilika sura, anamwonea huruma na kumwachia aende zake. Kimetoka kwenye filamu ya kuchekesha Bienvenue chez les Ch'tis (Karibuni kwa Wach'ti), aliyoiongoza Dany Boon mwaka 2008, na kila kikirudi mabishano yanakuwa yale yale. Kuna wanaosema aibu hii, hata wazungu wanabaguana wenyewe kwa wenyewe, filamu imewadhalilisha watu wa kaskazini. Na kuna wanaosema hapana, filamu ndo iliyomaliza ule ubaguzi, maana Wafaransa waliicheka pamoja wakapendana. Mimi naishi huku Lille, katikati ya hao hao watu wa kaskazini, wanaoitwa Wach'ti, na kiukweli naona pande zote mbili zinaisoma vibaya. Filamu haikuwatukana, ila pia haikuwaponya. Ilichofanya ni kuitoa lafudhi yao kwenye aibu na kuifanya kitu cha kupendeza, yaani ikaruhusiwa kuchekesha, kuuza bia na jibini, kupigwa picha na watalii, ila haikuruhusiwa kusoma taarifa ya habari wala kuongea mbele ya bosi wa Paris. Na kwa sababu watu walicheka sana tukadhani kazi imeisha.

Ngoja niweke historia kidogo maana bila hiyo utaona ni mambo ya mvua na baridi tu. Mkoa ule wa zamani wa Nord-Pas-de-Calais (tangu 2016 umeunganishwa na Picardie, unaitwa Hauts-de-France) ndo uliokuwa jiko la viwanda vya Ufaransa, makaa ya mawe, chuma, na nguo kule Roubaix na Tourcoing. Watu walikufa wengi mno chini ya ardhi ile. Machi 1906 mlipuko kwenye machimbo ya Courrières uliua watu 1,099 kwa mkupuo mmoja, wakiwemo watoto waliokuwa wanafanya kazi humo. Makaa yale ndo yaliyopasha nchi nzima joto, halafu yalipokosa faida migodi ikafungwa mmoja mmoja mpaka wa mwisho, Oignies, Desemba 1990, na viwanda vya nguo navyo vikaenda, kilichobaki ni ukosefu wa ajira na picha mbaya. Kisha ikaja kesi ya Outreau, mji mdogo karibu na Boulogne-sur-Mer, watu 17 walishtakiwa kwa kudhalilisha watoto, Ufaransa nzima ikaamini kwamba familia maskini za kaskazini ndivyo zilivyo, na mpaka rufaa inaisha Desemba 2005 watu 13 kati ya hao walikuwa wameonekana hawana hatia, baada ya wengine kukaa gerezani muda mrefu na kupoteza watoto na ndoa. Hiyo ndo hali ya hewa ambayo filamu iliingia ndani yake, miaka miwili tu baadaye. Kwahiyo Mfaransa wa kusini alipokuwa anasikia neno "kaskazini" hakuwa anawaza mvua peke yake, alikuwa anawaza umaskini, pombe, na mambo ya ndani ya nyumba yasiyosemeka.

Na lugha yenyewe sio Kifaransa kilichoharibika kama wengi wanavyodhani. Kich'ti ni tawi la Kipicard, ambacho kimezaliwa na Kilatini kama Kifaransa chenyewe, ni ndugu wawili, mmoja alipata serikali na mwingine hakupata. Wabelgiji wa upande wa Kifaransa wanakitambua kama lugha ya eneo tangu 1990. Hata hilo jina la Ch'timi hawakujipa wenyewe, walipewa na wanajeshi wenzao kwenye mahandaki ya Vita ya Kwanza ya Dunia kwa jinsi walivyokuwa wanaongea.

Sasa turudi kwenye filamu. Philippe Abrams, anayechezwa na Kad Merad, ni meneja wa posta Salon-de-Provence, mji wa kusini, anataka uhamisho wa kwenda pwani ya kusini kwenye jua, anajifanya mlemavu ili apate, anakamatwa, adhabu yake ni miaka miwili Bergues, karibu na Dunkerque. Akivuka tu kibao cha mkoa mvua inashuka kama imefunguliwa bomba. Usiku ule ule anakutana na Antoine, mbeba barua, anayechezwa na Dany Boon mwenyewe, na akimsikia anavyoongea anadhani ameumia taya. Hapa wanaosema filamu inatukana inabidi watulie waangalie nani anayechekwa, maana anayechekwa ni Philippe, woga wake, koti lake kubwa la baridi, ujinga wake wa kutojua nchi yake mwenyewe. Na kuna jambo moja la akili sana ambalo halizungumzwi. Philippe akishazoea na kuanza kuwapenda wale watu hawezi kumwambia mkewe ukweli, maana mke hataki kuusikia, mke anataka kusikia kwamba mumewe anateseka, na kadri anavyomdanganya kwamba kule ni balaa ndivyo mke anavyomhurumia na ndoa inavyopona. Yaani ile dharau kwa kaskazini ina kazi inayofanya kule kusini, inawasaidia wao waishi vizuri na kujiona wana bahati. Mtu akiambiwa kwamba kule hakuna shida yoyote anakasirika, kwa sababu umemnyang'anya kitu. Kwa hilo tu mimi naiheshimu filamu, na nisingependa mtu asome makala hii akidhani naichukia.

Tatizo langu linaanza pale mke anapoamua kuja kumsaidia mumewe. Philippe anababaika, inabidi awaombe wafanyakazi wenzake wamsaidie kuutetea uongo wake, na wao wanakubali kuigiza. Wanampokea yule mama wakiwa wamelewa, wanapiga kelele, wachafu, wanakula vitu vya ajabu, na wanampeleka kwenye kijiji cha wachimba makaa wanachomwambia ndo Bergues. Ukumbi wa sinema ulikuwa unapasuka kwa kicheko hapo. Na ukiangalia haraka unasema safi kabisa, filamu inatuonyesha kwamba ile picha mbaya ni maigizo matupu, Wach'ti wa kweli hawako hivyo. Lakini sasa angalia maigizo yamewekwa wapi. Zile nyumba za matofali mekundu ni Cité des Électriciens ya Bruay-la-Buissière, nyumba halisi zilizojengwa katikati ya karne ya 19 kwa ajili ya wachimba makaa, walizaliwa watu humo, wakafa humo kwa vumbi la mapafu, na wakati filamu inapigwa zilikuwa zimechakaa vibaya ndo maana zikafaa. Kwahiyo ujumbe unaobaki, sijui kama mwandishi alikusudia, ni kwamba sisi wa Bergues wenye mnara wa kengele na nyumba za kupendeza sio kama mnavyotudhania, na ukitaka kuona kile mnachodhania kipo, kiko kule migodini kilomita kama 70 kusini. Dharau haikufutwa hapo, ilisogezwa tu. Maskini wa migodi alibaki kuwa kitisho kile kile alichokuwa mwanzo ili mwenzake wa mjini aonekane mwema. Huu ndo mstari unaogawa filamu mzima mzima kwangu, na nashangaa katika kelele zote zile za 2008 na za sasa watu wanabishana kuhusu lafudhi tu na hilo linapita.

Wasomi wa lugha na wenyeji wengine wana malalamiko yao, na yana ukweli. Bergues kihistoria sio mji wa Kich'ti, ni mji wa Flandre, wazee wa pale walikuwa wanaongea Kiflemi cha magharibi, lugha ya jamii ya Kiholanzi ambayo haina undugu wa karibu na Kipicard. Na kile kinachosikika kwenye filamu sehemu kubwa ni Kifaransa cha kawaida kilichobadilishwa sauti kadhaa, weka "ch" mahali pa "s", ongeza "hein" mwishoni, tupia "biloute", basi. Mtu aliyelelewa na bibi anayeongea Kipicard chenyewe, chenye vitenzi vyake na methali zake, ana haki ya kuumia. Ila kama lawama dhidi ya filamu mi naiona haina nguvu sana, kwa sababu filamu ya kuchekesha inayotaka watu wa Marseille waelewe haiwezi kuongea Kipicard saa moja na nusu, na ukiidai hivyo unaidai iwe kitu kingine. Hoja hiyo inapata nguvu tu ukiiweka mahali pake, kwamba Wafaransa walichokipenda ni lugha ambayo ilikuwa imeshanyolewa mpaka ikafanana na yao. Walipenda Kifaransa chenye madoido. Lugha yenyewe hawakukutana nayo.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile ya "ni utani tu, mbona hata wao wenyewe walijaza kumbi". Kweli walijaza, filamu ilitangulizwa kwao tarehe 20 Februari 2008, wiki nzima kabla ya nchi nyingine, na wakaenda familia nzima nzima, mpaka mwisho Ufaransa yote ikauza tiketi zaidi ya milioni 20, rekodi ya filamu ya Kifaransa iliyokuwa imekaa tangu miaka ya sitini ikavunjwa. Lakini sisi tuliozaliwa kwenye utani tunajua utani ni taasisi, sio kicheko. Mngoni na Mhehe walipigana vita halisi, na leo wanataniana mpaka makaburini, ila anayetaniwa leo ndo anatania kesho, na siku ya msiba yule mtani ndo anayekuja kushika kazi, anakuwa na wajibu kwako. Sasa niambieni Paris ilibeba wajibu gani siku ya msiba wa kufungwa kwa Oignies. Na nionyesheni lafudhi ya Paris inachekwa wapi, maana Paris yenyewe inaamini haina lafudhi. Utani unaokwenda upande mmoja tu una jina lingine.

Na hatukuhitaji kusubiri miaka kupata ushahidi. Filamu imefunguliwa nchi nzima tarehe 27 Februari, tarehe 29 Machi ni fainali ya Kombe la Ligi, Lens, timu ya mji wa migodi kaskazini, wanacheza na Paris Saint-Germain (PSG) pale Stade de France, Rais Sarkozy yuko jukwaani, mashabiki wa PSG wanafungua bango refu kwa mpangilio kabisa, limeandikwa kwamba wabaka watoto, wasio na ajira, waliozaliwa na ndugu kwa ndugu, karibuni kwa Wach'ti. Soma tena hayo maneno matatu. La kwanza ni Outreau, kesi ambayo watu 13 wameshasafishwa. La pili ni migodi na viwanda. La tatu ni lile tusi la siku zote la mtu wa mjini kwa mtu wa shamba. Na la mwisho, lile la kukaribisha, ni jina la filamu. Waliotengeneza bango lile waliichukua filamu ya upendo wakaifanya kichwa cha habari cha tusi, na ilikaa sawa bila kuhitaji kubadilishwa hata herufi. Serikali ilikasirika, kundi moja la mashabiki likavunjwa kwa amri mwezi uliofuata, magazeti yakasema ni wahuni wachache. Sawa ni wachache. Lakini wachache hao waliweza kuandika vile kwa sababu walijua uwanja mzima utaelewa bila maelezo, na kilichowafundisha watu wasiowahi kufika Lens kwamba Wach'ti ni kitu kinachojulikana nchi nzima ilikuwa ni hiyo filamu.

Najua nitaambiwa, Dany Boon ni mtoto wa nyumbani, kazaliwa Armentières, anawapenda watu wake, wewe mgeni unamfundisha nini. Hii ni hoja nzuri na naipokea kwa heshima, maana mwenye nyumba ana ruhusa ambayo mgeni hana. Mama yake ni wa huko huko, baba yake alitoka Algeria, Mkabylia, na Boon mwenyewe jina lake halisi ni Daniel Hamidou. Kad Merad naye kazaliwa Sidi Bel Abbès, Algeria. Yaani watu wawili wenye damu ya Algeria wamewaongoza Wafaransa kuupenda mkoa wa Ufaransa, ni jambo kubwa na mimi linanigusa, ingawa ndani ya filamu yenyewe huwezi kujua, mji wa Bergues wa kwenye filamu karibu hauna wahamiaji, hauna Wapoland wa migodini wala Wamoroko wa migodini, ambao bila wao makaa yale yasingetoka. Ila jibu langu kwa hoja ya mtoto wa nyumbani ni kumwangalia huyo mtoto wa nyumbani alifanya nini baadaye. Mwaka 2018, miaka kumi kamili, Dany Boon alitoa La Ch'tite famille, ambayo mhusika mkuu ni mbunifu maarufu wa Paris aliyewaficha wazazi wake Wach'ti, anasema yeye ni yatima, kwa sababu anajua kwenye dunia ile lafudhi yake itamharibia. Aliyeandika hadithi hiyo ndiye anayeambiwa alimaliza aibu mwaka 2008. Yeye mwenyewe anatuambia aibu ipo pale pale na ina maana kamili ya kazi na pesa, na mimi nina imani naye zaidi kuliko wanaomsifu.

Nina mwenzangu kazini, mtu mzima, anatoka upande wa migodi. Tukiwa jikoni tunakunywa kahawa anaongea kwa lafudhi yake nzito, anacheka, anatupigia hadithi za babu yake. Simu ikilia na ni makao makuu Paris, kabla hajapokea anakaa wima, anakohoa kidogo, na sauti inayotoka ni ya mtu mwingine, kila "s" iko mahali pake. Akikata simu inachukua kama dakika mbili tatu mpaka arudi. Hajui kama anafanya hivyo. Na anaipenda ile filamu mno, anaijua kwa moyo.

Sio yeye peke yake na sio kaskazini peke yake. Oktoba 2018 Jean-Luc Mélenchon, mwanasiasa anayesema anawatetea wanyonge, aliulizwa swali na mwandishi wa habari mwenye lafudhi ya Toulouse, akaiigiza lafudhi yake mbele ya kamera halafu akauliza kama kuna mtu wa kumuuliza swali kwa Kifaransa kinachoeleweka. Novemba 2020 Bunge la Ufaransa likapiga kura, 98 kwa 3, kupitisha muswada wa mbunge Christophe Euzet wa kukataza kumbagua mtu kwa lafudhi, na ukaishia njiani bila kuwa sheria. Kuna wanaosema mambo haya yataondoka yenyewe kwa watu kuzoeana, na mimi nadhani hapo ndo athari ya filamu kama hii inapoonekana, maana mtu akishacheka na kulia na Antoine wa posta anajisikia ameshalipa deni, haoni kwa nini kuwe na sheria. Waitaliano nao walichukua hadithi hiyo hiyo mwaka 2010 wakaigeuza, mtu wa kaskazini mwa Italia anapelekwa Castellabate kule Campania, kila kitu kikafanya kazi vile vile na kumbi zikajaa. Ukiweza kubadilisha mkoa, chakula na lugha na filamu isitikisike, basi filamu haikuwahi kuwa juu ya watu wa mkoa huo, ilikuwa juu ya mtu wa katikati na jinsi anavyojisikia vizuri akirudi nyumbani.

Mwaka ule ule wa 2008 kulikuwa na jambo la pili ambalo halikupata watazamaji milioni 20. Bunge lilikuwa linajadili kuingiza kwenye Katiba sentensi moja tu, kwamba lugha za mikoa ni sehemu ya urithi wa Ufaransa. Juni, bado filamu iko kwenye kumbi, Académie française, taasisi inayoilinda lugha ya Kifaransa, ikatoa tamko la kupinga, ikisema ni hatari kwa utambulisho wa taifa. Sentensi ilipita Julai, ni kifungu cha 75-1, lakini haimpi mtu haki yoyote ya kudai shule wala huduma kwa lugha yake. Kipicard ilibidi kisubiri mpaka Desemba 2021, zaidi ya miaka kumi na tatu, ndo waraka wa wizara ya elimu ukakiongeza pamoja na Kiflemi cha magharibi kwenye orodha ya lugha za mikoa zinazoweza kufundishwa shuleni. Wakati huo watalii walikuwa wameshapanda mnara wa Bergues vya kutosha, na zile nyumba za Bruay zilishakarabatiwa na kufunguliwa kama kituo cha utamaduni mwaka 2019, baada ya eneo lote la migodi kuwekwa na UNESCO kwenye urithi wa dunia mwaka 2012. Mawe yalihudumiwa kwanza kabla ya midomo ya watu.

Kwahiyo kama mnataka kujua kitu kimebadilika au la, msiniletee kipande cha trafiki wala hesabu ya tiketi. Niambieni ni lini taarifa ya habari ya saa mbili usiku ya taifa itasomwa na mtu wa Lens kwa sauti yake ya Lens, siku ya habari nzito, ya vita au ya bajeti, na hakuna mtu sebuleni atakayetabasamu. Nileteeni filamu ambayo hakimu au daktari wa upasuaji anaongea hivyo na hadithi haihusu kabisa anavyoongea. Na yule mwenzangu wa kazini ana binti anayesomea sheria hapa Lille, juzi alikuwa anajiandaa na usaili wa mdomo, baba yake alikuwa anamsikiliza kwa simu ili amrekebishe kila "ch" inayomponyoka.